Dhambi Isiyokuwapo



Ndugu wapendwa, kuna fundisho linalonong'onwa katika baadhi ya jumuiya zetu hapa Kansay, nasi tunalikataa. Husemwa kwamba mama aliyekoma hedhi akitumia dawa za homoni anatenda dhambi ileile ya vidonge vya kuzuia mimba. Na kwamba joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi ni msalaba wake, aubebe kimya.

Mama huyo anazuia mimba ipi? Hata Sara, mwenye ahadi ya Mungu, alicheka.

Baba Mtakatifu Paulo VI, katika waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968, aya ya 15, alieleza kwamba Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata ikizuia uzazi, mradi kizuizi hicho kisikusudiwe. Ikiwa ni hivyo kwa mwanamke awezaye kuzaa, kwa aliyevuka umri huo mjadala unatoka wapi?

Wengine hutaja saratani. Hoja hiyo ina uzito, kwa hiyo isemwe yote. Mwaka 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani, yenye wanawake 16,608, ilisimamishwa mapema. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopewa estrojeni pamoja na projestini walizidi wenzao kwa wagonjwa 8 wa saratani ya matiti na 8 wa kiharusi, ingawa waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63! Kwa mwenye dalili kali aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, madaktari leo huona kwamba mara nyingi faida hushinda hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Hayo ni ya daktari kupima, si ya mwenyekiti wa jumuiya.

Tena wanaohimiza uvumilivu huu wengi ni wanaume, ambao wakiumwa jino huenda Karatu mjini siku hiyohiyo. Mama aliyekesha kwa jasho, na alfajiri akaenda kuchota maji, anaongezewa mzigo kwa jina la Mungu. Nani aliwatuma?

WAWATA watakapokutana tutamwalika muuguzi azungumze nao. Waume pia waje, wakae mbele.