MTEREMKO NDIO MTIHANI

"Maisha ni safari." Ndugu msomaji, maneno haya umeyasikia gwarideni, umeyasikia harusini, umeyasikia hata matangani. Na kila anayeyasema hakosi kuongeza: "Kwa hivyo kazeni mwendo, mlima ni mkali!" Mimi nasema wosia huo ni nusu tu. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayotuangamiza sisi vijana, haisemwi.

Sisi wakazi wa Timboroa tungefaa kuijua kuliko watu wote. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapa, uelekee Eldoret au uelekee Nakuru, huna budi kushuka. Wenzetu wa kwingineko huanza safari kwa kupanda. Sisi huanza kwa kuteremka. Na maoni yangu ni kwamba mlima humchosha mtu tu, lakini mteremko humuua.

Desemba iliyopita jamaa yetu ilifunga safari ya Mombasa, zaidi ya kilomita 700, kuhudhuria harusi ya binamu yangu. Tulikuwa watu tisa ndani ya Nissan ya kukodi, pamoja na magunia mawili ya viazi na kabeji za kuwapelekea wenyeji wetu, maana mkono mtupu haulambwi. Kwenye usukani alikuwa ami yangu, ambaye ameendesha malori ya masafa marefu kwa miaka mingi. Nyanya aliketi mbele kando yake, blanketi magotini. Tangu azaliwe hakuwa ameiona bahari.

Tulipoipita Mau Summit na kuanza kushuka kuelekea Sachangwan na Salgaa, ami alirudisha gia chini. Injini ikanguruma kama fahali, lakini mwendo ukawa wa kobe. Magari yakatupita moja baada ya jingine. Kaka yangu mkubwa uvumilivu ukamshinda.

"Ami, si uachilie kidogo? Hapa gari linaenda lenyewe."

"Ndiyo maana siachilii," ami akamjibu bila kugeuka. "Gia ya kupandia mlima ndiyo ya kushukia. Gari linaloenda lenyewe halina dereva, mwanangu."

Nyanya naye akadakia: "Wee kijana, hebu muache baba yako mdogo. Mimi bahari nataka kuiona na macho yangu haya!"

Sote tukacheka, ila ami hakuwa anatania. Alitueleza kwamba gari likiwa kwenye gia ya chini, injini yenyewe hulishika lisikimbie. Lakini kuna madereva ambao wakifika kwenye mteremko hutoa gia kabisa, gari liserereke bure na mafuta yabaki. Hapo kazi yote huachiwa breki. Breki ikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto, na ikishapata moto haishiki tena. Dereva hukanyaga, hukanyaga, na gari halisikii. Kabla ya kufika Salgaa tuliliona lori moja lililokuwa limetupita kwa mbwembwe. Lilikuwa kando ya barabara, magurudumu ya nyuma yakifuka moshi, na utingo anayamwagia maji kutoka kwa mtungi. Huyo alikuwa na bahati.

Wengi hawakuwa nayo. Barabara hii yetu ya Nakuru na Eldoret imemeza watu wengi mno. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa karibu na Salgaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakapoteza maisha. Walikuwa wakisafiri kama sisi, katika msimu wa sikukuu kama sisi.

Sasa turudi shuleni. Mlima wa mwanafunzi wote tunaujua: ni KCPE, na ni KCSE. Wakati huo hakuna anayelala. Wazazi huomba, walimu huja mapema, hata mvivu hushika kitabu. Lakini katikati ya milima hiyo miwili kuna mteremko, nao unaitwa kidato cha tatu. Ugeni umekwisha, mtihani wa taifa bado uko mbali, na kila mtu anajiona mkubwa. Hapo ndipo wengi wetu hutoa gia. Sisi wa shule ya kutwa ndio tumo hatarini zaidi, kwani kila jioni tunapita sokoni na barabarani, na hakuna kengele ya kutuita kwa masomo ya usiku.

Dawati lililo mbele yangu limekuwa wazi tangu Februari. Mwenyewe alikuwa wa pili darasani katika kidato cha pili. Hakufukuzwa, wala hakukosa karo. Alianza kwa kukosa Ijumaa moja ili abebe viazi kwa pikipiki ya jirani, kisha Ijumaa na Jumatatu, kisha akapotea kabisa. Siidharau kazi ya bodaboda, kazi ni kazi. Ninachosema ni kwamba yeye hakuichagua. Aliserereka mpaka akajikuta huko.

Na kwetu sisi wa mwaka huu wa 2026 jambo hili si la mzaha. KCPE tuliyoifanya mwaka wa 2023 ndiyo iliyokuwa ya mwisho nchini. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza. Wanaotufuata wako katika mtaala mwingine. Zamani aliyeanguka aliambiwa, "Rudia darasa." Sisi tutarudia lipi?

Huenda mtu akaniuliza, "Kwani mteremko si msaada? Si humfikisha mtu haraka?" Hebu tumtazame Geoffrey Mutai, mwanariadha aliyetoka maeneo yetu haya. Mwezi wa Aprili 2011 alikimbia marathoni ya Boston, Marekani, kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Hakuna mwanadamu aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo. Hata hivyo haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Kwa nini? Kwa sababu njia ya Boston huteremka kupita kiasi kinachokubaliwa na sheria za riadha, tena mwanzo wake na mwisho wake viko mbali mno. Ushindi wake ulikuwa halali, na jasho lilikuwa lake. Lakini dunia haimhesabii mtu kile alichosukumwa na mteremko. Nasi vivyo hivyo: alama za kidato cha pili zinaweza kutusukuma muhula mmoja, lakini cheti hakitaziandika.

Sisemi tusipumzike. La hasha! Sisi wenyewe tulisimama Nakuru tukanywa chai, tukasimama Mtito Andei tukanyoosha miguu, na ami akalala saa nzima. Lakini alipopumzika aliegesha gari na kuvuta breki ya mkono. Kupumzika ni jambo moja, kusererekea bondeni ukidhani unapumzika ni jambo jingine. Anayecheza mpira Jumamosi amepumzika. Anayekaa darasani kila siku huku akili yake iko sokoni ameshatoa gia.

Kwa walimu wetu na wazazi wetu nina ombi. Mnatuhimiza sana tunapopanda, na tunawashukuru. Tuangalieni pia tunaposhuka. Msingoje kidato cha nne ndipo muulize daftari liko wapi. Na kwenu wanafunzi wenzangu, mambo yakianza kuwa rahisi, hapo ndipo mshike usukani kwa mikono miwili. Gari linaloenda lenyewe halina dereva.