Ukipokea samansi, hesabu siku 21

Tuseme uko Ukara. Umeletewa samansi kutoka mahakama ya wilaya kule Nansio: mwenzako anadai hukumlipa fedha za injini ya mtumbwi. Juu yake unaona tarehe ya kufika mahakamani, mwezi ujao. Unaikunja, unarudi ziwani.

Hapo ndipo wengi hushindwa kesi kabla haijasikilizwa. Katika Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, samansi ya kukutaka ujibu madai inakupa siku 21 kuwasilisha utetezi wa maandishi. Tarehe ya kufika ni jambo jingine. Siku uliyopokea haihesabiwi, lakini Jumapili na siku za gulio zimo. Umepokea tarehe 1? Mwisho wako ni tarehe 22. Mahakama ya Mwanzo na mabaraza ya ardhi yana taratibu zake.

Kwa marekebisho ya mwaka 2019, unaweza kuomba muda kabla siku hizo hazijaisha, au ndani ya siku 7 baada ya hapo. Ukikubaliwa, unaongezewa siku 10 tu. Sababu lazima iwe nzito. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba hata siku moja ya kuchelewa itolewe maelezo. Kusema ulikuwa kambini unavua hakutoshi. (Wa Sengerema hata kisingizio cha foleni ya kivuko cha Busisi hawana tena, tangu daraja lifunguliwe Juni 2025.) Usipojibu, mdai anaweza kupewa hukumu ya upande mmoja.

Halafu kuna nyaraka. Kabla ya kesi kusikilizwa, mahakama inaweza kuamuru uuonyeshe upande wa pili risiti, mkataba au meseji za malipo ulizonazo. Mdai asiyetii anaweza kufutiwa kesi. Mdaiwa anaweza kufutiwa utetezi, akawa kama hakujibu kabisa. Na karatasi unayoichomoa dakika za mwisho inaweza kukataliwa, hata ikiwa ya kweli. Tunaona hili ni gumu kwa mvuvi aliyekubaliana kila kitu kwa mdomo pale mwaloni, ila ndivyo sheria ilivyo.

Kwa hiyo andika tarehe ya kupokea nyuma ya samansi siku ileile, usifute meseji za malipo, na umwone msaidizi wa kisheria wiki hiyohiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na kwa asiye na uwezo huduma hiyo ni bure.