Karata, Cheo na Daftari la Seremala

Wiki iliyopita nilikuwa Keko, katika karakana ya useremala aliyotuachia marehemu baba yetu, ambayo sasa inaendeshwa na mdogo wangu. Alinikuta pale mwanafunzi wangu wa zamani, leo mtumishi wa umma. Akatoa mfukoni karata za taroti, akazichanganya, akaniomba nimchagulie moja ili ajue kama uteuzi anaousubiri utamfikia.

Nilichomoa iitwayo Hukumu. Katika seti ile, iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, malaika anapuliza tarumbeta na wafu wanainuka kutoka majenezani. Kijana akafurahi: "Mwalimu, tarumbeta ni wito. Nitateuliwa!" Nikamwonyesha alichokiruka: wafu wale wako uchi. Hakuna aliyeinuka na hati ya kiwanja wala barua ya uteuzi.

Siamini kwamba kipande cha karatasi kinaijua kesho. Taroti ilianza Italia katika karne ya 15 ikiwa mchezo tu. Uaguzi ulipandikizwa baadaye sana. Hata hivyo, picha inaweza kumuuliza mtu swali zito. Kosa letu ni kwamba tunapiga bao, tunatazama nyota na kufunua karata kwa swali moja tu: nitapata nini?

Wala tusiwasingizie wageni. Kuelekea uchaguzi wa 2010, marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu mashuhuri, alitabiri hadharani kwamba atakayempinga Rais Kikwete ndani ya chama chake angekufa ghafla. Taifa zima likabishana juu ya nyota, badala ya kubishana juu ya utendaji. Na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo ili watu wengine wapate utajiri na vyeo. Huko ndiko linakofika swali la "nitapata nini" likikosa mpaka.

Tuliwahi kuwa na swali jingine. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi na kumiliki nyumba za kupangisha. Sera zake za uchumi nazikosoa darasani kila mwaka, lakini lilimlazimisha mwenye cheo ajitazame. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Tumebaki na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na tamko la rasilimali na madeni linalojazwa mwisho wa mwaka.

Rasilimali na madeni! Nani huorodhesha deni analodaiwa na wananchi?

Baba aliacha daftari. Ukurasa mmoja una jina la ofisa aliyechukua kitanda cha mninga kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Alistaafu, akafariki, na hakulipa. Jina lake silitaji. Lakini pale karakanani hakuna anayekumbuka ofisa yule alikuwa na cheo gani. Anakumbukwa kwa kitanda. Baba, ambaye hakuwahi kuteuliwa na mtu yeyote, anakumbukwa kwa viungo vya mbao visivyolegea baada ya miaka thelathini.

Nisijitoe. Nami nimesubiri kupandishwa cheo, nikahesabu makala zangu kwa uangalifu kuliko nilivyohesabu wanafunzi waliorudi nyumbani kwa kukosa ada. Karata ile ilinihukumu mimi kwanza.

Kijana aliniuliza aifanyie nini. Nilimshauri aiweke juu ya meza yake ya ofisi, na picha ikielekea kiti chake, si kiti cha mgeni. Siku faili la mjane litakapokaa wiki ya tatu bila saini, aitazame.

Ndugu mtumishi wa umma, uteuzi ukija au usipokuja, daftari liko wazi. Jina lako litakumbukwa kwa kitanda gani?