Kunyamaza Si Amani



Dada mmoja aliniambia, "Pasta, mwenzangu kazini anachelewa kila siku, na kazi yake naimaliza mimi. Bosi anaona ila hasemi. Niombe tu?"

Omba. Lakini soma pia Mathayo 18:15. Yesu hakututuma tumjadili ndugu wakati wa chai. Alitutuma kwake, wawili peke yenu. Muulize kwanza kama kuna shida. Huenda anauguza mtu nyumbani. Kisha mwambie wazi ni kazi gani hutamfanyia tena. Asipobadilika, nenda kwa bosi na tarehe na kazi zilizokwama, si manung'uniko.

Nawe bosi, mkumbuke kuhani Eli. Alijua makosa ya wanawe, akasema nao, lakini hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Nyumba nzima ililipa.

Nakiri, hata mimi niliwahi kumwogopa mhudumu mzembe kanisani. Uoga wangu nikauita upole. Mwishowe aliyeondoka si yule mzembe. Ni yule mwaminifu aliyechoka kumbebea mzigo.

Jumatatu utazungumza na nani? Mungu akupe ujasiri na ulimi wa upendo. Amina.