MADUKA YA ZAMANI YASIVUNJWE BILA SISI KUULIZWA

Ndugu wanachama,

Katika miji yetu midogo iliyo kando ya reli, maduka ya zamani ya barabara kuu yanazidi kuvunjwa ili gorofa zipate kujengwa. Wako ndugu wasemao, "Na yavunjwe, hayo ni mambo ya ukoloni." Wengine husema, "Nyumba ni ya mwenyewe, sisi yatuhusu nini?" Maoni yangu ni kwamba yatuhusu sana.

Kwanza tukumbuke maduka hayo yalitoka wapi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Wenye biashara wakaifuata. Aliyejulikana sana kati yao ni Allidina Visram, mtu wa Kutch, ambaye mpaka kufa kwake mwaka 1916 alikuwa na maduka mengi Kenya na Uganda. Wahindi walikatazwa kununua mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, kwa hivyo wengi wakashika biashara mjini. Ndiyo sababu miji mingi hufanana: duka mbele, jamaa ya mwenye duka nyuma, kisha ua, paa la mabati, baraza yenye nguzo, na mara nyingi juu ya ukuta wa mbele mwaka wa kujengwa na jina la mwenyewe.

Lakini ndugu, jina la hamali halikuandikwa ukutani. Nani aliyebeba magunia kutoka steshenini? Nani aliyepima sukari na chumvi kutwa kucha, akafagia, akafunga milango jioni? Nani aliyelala nje ya mlango huo kwa baridi akilinda mali isiyo yake? Nani aliyeshona kaptura barazani? Ni wafanyi kazi. Ukuta ukianguka, ushahidi wa jasho lao waanguka pia.

Ni kweli kwamba maduka hayo hayakuwa peponi. Mishahara ilikuwa midogo na saa za kazi ndefu, na Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi, hata viwanja vya mjini vikatengwa. Lakini nyumba haina kosa. Baada ya sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, maduka mengi yaliingia mikononi mwa Waafrika. Tajiri alibadilika rangi, lakini kaunta ilibaki ileile, na aliyesimama nyuma yake aliendelea kudai haki yake. Makhan Singh na Fred Kubai walipounganisha vyama vya wafanyi kazi mwaka 1949, hawakuuliza mtu ni Mhindi au Mwafrika. Makhan Singh alizuiliwa tangu 1950 mpaka 1961 kwa msimamo wake. Nasi tusilitazame duka kwa rangi ya aliyelijenga.

Sasa tutazame mkate wetu. Duka likivunjwa, mwandikwa kazi ana sheria. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba kazi ikipunguzwa, chama na afisa wa kazi wapewe habari mwezi mmoja kabla, na mfanyi kazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Wanachama wangapi wanaijua sheria hii? Wengi huambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu hakuna duka, wakapewa nauli na kushikwa mkono.

Na fundi wa cherehani je? Yeye hakuandikwa kazi na mtu. Pahali pake pa kazi ni baraza tu. Mtengeza viatu ni hivyo hivyo, na mama muuza matunda pia. Gorofa mpya ikisimama na vioo vyake, mara nyingi baraza haipo, na kodi ya chumba kimoja yapita uwezo wa fundi. Kwa watu hawa baraza ya zamani si pambo la mji. Ni kivuli, ni mwavuli wa mvua, ni kiwanda chao.

Njia ya kulinda nyumba iko. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kulindwa. Mji wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na watu bado wafanya biashara humo. Lakini tuangalie vema: nyumba ikipakwa rangi ili wageni waipige picha, na mafundi wakafukuzwa barazani, hapo tumeokoa mawe tukapoteza watu.

Kwa hivyo naomba kila tawi lifanye haya:

1. Liandike orodha ya maduka ya zamani ya mji wake, na majina ya wazee waliofanya kazi humo, kabla wazee hao hawajatutoka.

2. Liitake Serikali ya Kaunti isitoe ruhusa ya kuvunja duka la namna hiyo kabla ya kuwasikiliza wafanyi kazi wake na mafundi wa baraza.

3. Lidai kwamba jengo jipya la barabara kuu liwe na baraza, na aliyekuwapo kwanza arudishiwe pahali pake.

4. Liwasomee wanachama kifungu cha 40, tena na tena, mpaka kila mmoja akijue.

Tajiri ana hati ya kiwanja, nasi tuna umoja wetu. Anayengoja mpaka nyundo zianze kugonga amechelewa. Mkutano wa tawi ndio pahali pa kuanzia, mwezi huu huu.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
MWANACHAMA WA DUKANI