Iulize Cheche Kwanza, Kabureta Baadaye



Mashine za zamani za kukata nyasi ni nyingi katika mashamba yetu ya skimu. Nyingine zilinunuliwa mnadani, nyingine ni urithi kutoka kwa baba. Zinafyeka nyasi katikati ya miti ya matunda, na zinasafisha viwanja vya shule na vya chama cha ushirika. Lakini mashine ikikataa kuwaka, karibu kila mtu husema neno moja: "Ni kabureta." Mimi naona neno hili limekula fedha nyingi za maziwa. Mkulima hununua kabureta nzima, huifunga, huvuta kamba, na injini hukaa kimya kama jana. Kumbe ubaya ulikuwa kwenye plagi, ambayo bei yake ni ndogo sana.

Maoni yangu ni haya: iulize cheche kwanza, kabureta baadaye. Kutazama cheche ni kazi ya dakika tano, wala hakuharibu kitu. Kufungua kabureta ni kazi ndefu. Gasketi huraruka, na skrubu ndogo hupotea katika nyasi.

Kumbuka kwamba injini hii yataka mambo matatu. Yataka petroli na hewa vilivyochanganyika kwa kipimo. Yataka mchanganyiko huo ushindiliwe na pistoni. Na yataka cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Likikosekana moja, haiwaki. Kazi yako ni kujua ni lipi lililokosekana.

Anza na tangi. Je, petroli imo? Ni ya lini? Petroli iliyokaa miezi miwili au mitatu hupoteza nguvu na huacha gundi ndani ya kabureta. Weka mpya iliyo safi. Tazama pia chujio la hewa, maana likijaa vumbi injini haipumui.

Kisha vuta kamba mara chache, fungua plagi, uitazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, basi shaka yako iwe juu ya cheche.

Sasa jaribu cheche yenyewe. Pangusa petroli iliyomwagika, na debe la mafuta liwe mbali. Chomeka plagi katika kofia ya waya wake, ushike kofia tu, na chuma cha plagi kiguse chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka. Mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa ni nyekundu na hafifu, au haipo, jaribu plagi mpya yenye nafasi ya milimita 0.75. Ikishindikana, utazame waya wa kuzimia injini. Mara nyingi umechubuka na unagusa chuma, na cheche inapotelea hapo.

Injini za zamani sana zina pointi chini ya gurudumu la sumaku. Mashine ikilala msimu mzima, pointi hushika kutu. Zisafishe, na urudishe nafasi yake; katika injini nyingi za zamani za Briggs & Stratton ni milimita 0.5. Injini nyingi za tangu miaka ya 1980 hazina pointi, basi usipoteze siku ukizitafuta.

Je, kisu kiligonga jiwe au kisiki kabla ya mashine kuzimika? Hapo cheche yaweza kuwapo lakini ikaja wakati usiofaa, na kamba ikakurudisha mkono kwa nguvu. Kuna kipande kidogo cha chuma laini kinacholishika gurudumu la sumaku juu ya mhimili wake. Kimewekwa laini kwa makusudi, ili kikatike chenyewe na kuuokoa mhimili. Tafadhali usiweke msumari mahali pake. Msumari hautakatika, na jiwe lijalo litakuvunjia injini.

Cheche ikiwa nzuri na plagi ikiwa kavu, sasa kabureta ina kesi ya kujibu. Funga petroli, fungua kikombe chake cha chini. Ukiona matone yanayotembea chini ya petroli, hayo ni maji. Safisha tundu la jeti kwa pumzi au pampu ya baiskeli, si kwa waya, kwa sababu waya hupanua tundu na kipimo hupotea. Injini inayokwenda pale choki inapofungwa tu inakosa petroli: jeti imeziba kidogo, au hewa inaingia kwenye gasketi iliyoraruka.

Ninyi mnaokaa Kinangop na sehemu nyingine za juu, zenye mita 2,400 na zaidi, mna jambo lenu. Hewa ya huko ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini hutoa petroli nyingi mno, na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Tena injini hupoteza zaidi ya robo ya nguvu zake. Kabureta ya zamani ikiwa na skrubu ya petroli, ipunguze kidogo kidogo mpaka injini iende laini. Wala usiilaumu mashine kwa uchovu ambao ni wa mlima.

Wengine watasema kwamba injini ni kazi ya fundi. Ni kweli, fundi ana mahali pake. Lakini mwenye ng'ombe hamwiti daktari kabla ya kumtazama ng'ombe wake, na akimwita humweleza alichoona. Fanya hivyo na fundi wako. Ukimwambia, "Cheche ipo, plagi ni kavu," hatakuuzia koili usiyoihitaji.

Kwa hiyo naomba kila kikundi cha wakulima kinunue spana moja ya plagi na kipimo kimoja cha nafasi, vikae kwa katibu, na kila anayeazima aandikwe. Wafundisheni vijana pia. Ila kila mtu atoe waya wa plagi kabla ya kutia mkono karibu na kisu, hata kama injini imezimika. Plagi huuzwa dukani, vidole haviuzwi.