Unajua mwisho, mbona bado unatazama?

Kabla ya dakika kumi kwisha, msomaji, tayari umeshajua. Yule mwanamume mwenye majivuno na yule mwanamke mwenye ulimi mkali, wanaorushiana maneno kana kwamba walinyang'anyana shamba, ndio watakaokumbatiana mwishoni. Mwenye mchumba ataachana naye. Karibu na mwisho watakosana, pengine mvua itanyesha, kisha muziki utaanza. Yote haya unayajua, na bado chai inapoa mezani na simu inalia bila kushikwa.

Kisha mgeni abishe hodi! Utashangaa jinsi mtu mzima anavyoweza kubadilisha stesheni kwa kasi. Akina baba ndio wakali zaidi wa mchezo huu. Mzee ataapa kwamba alikuwa akisubiri taarifa ya habari tu, ilhali macho yamelowa na taarifa ya habari ilikwisha zamani.

Aibu hii inatoka wapi? Wengi hudai kwamba filamu hizi za mahaba na vichekesho ni za kipuuzi kwa sababu mwisho wake unajulikana. Sikubaliani nao. Katika filamu za bunduki na ngumi pia sote tunajua stelingi hafi, hata akimiminiwa risasi na jeshi zima, na sijamwona kijana anayeficha kanda au simu kwa sababu hiyo. Na wewe uliyesimuliwa ngano utotoni, je, hukujua kwamba Sungura angemshinda Fisi? Ulijua, na ukadai usimuliwe tena.

Mimi naona tunachoonea haya ni kingine. Tunaona haya kwa sababu ya mambo tunayoyakubali tukiwa mbele ya kioo kile, ambayo nje ya nyumba tungeyapigia kelele.

Chukua You've Got Mail, filamu ya 1998 iliyoongozwa na Nora Ephron. Meg Ryan ni Kathleen Kelly, mwenye duka dogo la vitabu vya watoto jijini New York, duka aliloachiwa na marehemu mama yake. Tom Hanks ni Joe Fox, ambaye familia yake inamiliki maduka makubwa ya vitabu, na sasa inafungua moja karibu na la Kathleen. Mchana ni maadui. Usiku wanaandikiana barua pepe tamu bila kujuana majina. Kila mmoja ana mwenzake nyumbani, lakini usijali, hao wataondolewa bila damu wala machozi. (Wa Kathleen ni mwandishi wa safu gazetini. Wanaachana wakicheka. Jambo hilo limenichoma kidogo.)

Basi wanapanga kukutana mkahawani. Joe anamtuma rafiki achungulie dirishani, na hapo anagundua kwamba mpenzi wake wa barua ni yule yule mwenye kiduka. Anaingia, anajifanya amepita tu, anamwacha Kathleen aendelee kumsubiri mtu ambaye hatakuja. Tangu usiku huo Joe anajua kila kitu na Kathleen hajui lolote. Mauzo yanazidi kudidimia, na hatimaye duka la mama linafungwa. Joe hainui kidole kulinusuru. Badala yake anampelekea maua akiwa mgonjwa wa mafua.

Sasa fikiria mama muuza duka mtaani kwenu, aliyekukopesha sukari na mkate tangu ukiwa mtoto, anajengewa supamaketi mlangoni, anafunga biashara, halafu anachumbiwa na mwenye supamaketi. Ungemwendea mama huyo na kumwambia kwamba yote yameishia vyema? Lakini hao wawili wanapokutana bustanini, mbwa akitangulia, na Kathleen akilia kwamba alikuwa akiomba awe yeye, nani kati yetu anayeulizia duka? Mimi nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa kutajwa gazetini, na kila mara ninatabasamu mahali pale pale.

Kinachonishangaza ni kwamba hadithi yenyewe haikuanza hivyo. Mizizi yake ni mchezo wa kuigiza Parfumerie wa Mhungari Miklós László, wa 1937. Mwaka wa 1940 Ernst Lubitsch aliutengenezea filamu, The Shop Around the Corner, na mwaka wa 1949 ikatoka nyingine yenye nyimbo, ndani yake akiwemo Judy Garland. Kwa hivyo ilipofika 1998 mwisho wake ulikuwa umejulikana kwa miaka sitini hivi, na watu wakajaa kwenye majumba ya sinema vivyo hivyo.

Katika filamu ya Lubitsch, Kralik na Klara ni wafanyakazi wa duka moja huko Budapest. Wote wawili wanaogopa kuachishwa kazi, na Kralik anafutwa jioni ile ile ya miadi. Naye pia anaufahamu ukweli mapema na kuuficha, na baadaye anarudishwa kazini na kufanywa meneja. Lakini hakuna aliyelifunga duka la mwenzake. Ukicheka, hakuna kitu kinachokukwama kooni.

Dunia nayo haikuwangoja wakubwa. Borders, mojawapo ya kampuni kubwa za maduka ya vitabu Marekani, ilifilisika mwaka wa 2011, nyingi ya biashara hiyo ikiwa imehamia kwenye intaneti.

Ukipata nafasi Jumapili hii, itafute ile ya 1940. Watoto watanung'unika mwanzoni kwamba haina rangi. Waambie watulie mpaka mwisho kabisa, Klara anapomtaka Kralik apandishe suruali, aone kama kweli ana matege.